Zege la ghorofa 24 kwenye kiwanja kisicho na pa kugeuzia lori: pampu mnaipangaje?

Kiwanja_Finyu

Wakuu, salaam. Naomba michango ya wenye uzoefu wa maghorofa marefu.

Tuna jengo la ghorofa 24 juu ya besimenti mbili. Kiwanja ni mita 30 kwa 36 na jengo limekila karibu chote. Kushoto na kulia ni kuta za majirani, nyuma hivyo hivyo, mbele ni barabara ya njia mbili ambayo magari hayakatiki. Lango moja. Kreni ya mnara moja, imesimama katikati. Slabu ya kila ghorofa pamoja na bimu zake ni kama kyubiki (mita za ujazo) 200, na tunataka imwagwe siku moja bila kukatishwa. Zege la juu kabisa litapanda kama mita 80.

Ofisini wanabishana kuhusu pampu: mmoja anataka ya kyubiki 90 kwa saa, mwingine anasema ya 60 inatosha na kubaki. Mpango nimeambiwa niandike mimi. Nianzie wapi?

MzeeWaKreni

Pampu ya nini? Kreni ipo, funga ndoo ya kyubiki moja, kazi iende. Maghorofa yalikuwa yanajengwa kabla hizo pampu hazijazaliwa.

Bomba125

Mzee wangu shikamoo, lakini tupige hesabu. Ndoo ijazwe, ipande mita 80, imwagwe, ishuke: dakika kumi ukiwa na watu wepesi. Hiyo ni kyubiki sita kwa saa. Slabu ya 200 itakula saa 33 na ushee, na muda wote huo kreni haibebi nondo wala fomu (maumbo ya kumwagia zege) wala kitu kingine. Ndoo ina kazi yake, na ninaiheshimu, ila kazi hiyo siyo slabu.

Kiwanja_Finyu, hao wa ofisini wanabishania kitu cha mwisho. Pampu huchaguliwa baada ya mengine yote kukaa mahali pake. Kwenye kiwanja kama chako kasi ya kumwaga inaamuliwa na lango.

Chukua lori la kyubiki 7. Tuseme pampu inasukuma kyubiki 40 kwa saa wakati hopa (beseni la pampu linalopokea zege) ina zege. Lori litaisha kwa dakika kumi na nusu. Kisha linatoka, la pili linarudi nyuma kuingia, linapimwa slampu (ulaini wa zege), chuti (mfereji wa lori wa kumwagia) inashushwa: dakika sita au saba hopa haipati kitu. Jumla ni dakika 17 kwa lori, sawa na kyubiki 25 kwa saa. Sasa fanya jambo moja tu: panga hopa ifikiwe na malori mawili kwa wakati mmoja, moja likimwaga, lingine limeshapimwa na linasubiri chuti. Pengo linashuka hadi dakika moja na nusu hivi, na pampu ileile inakupa 35 kwa saa.

Yule wa pampu ya 90 atakwambia naye atafika 36 kwa kutumia nafasi moja ya lori. Kwa karatasi ni kweli. Lakini pampu itoe 90 kweli ikiwa na mita 80 za zege juu yake, na huko juu watu wapokee kyubiki saba kwa chini ya dakika tano, wazisambaze, wazipige vaibreta na kuzisawazisha. Hao watu mimi bado sijakutana nao.

Kwa hiyo swali lako la kwanza ni hili: malori mawili yatasimama wapi bega kwa bega mbele ya hopa? Ukishalijibu, rudi tuongee.

Kiwanja_Finyu

Mkuu Bomba125 umenifungua macho. Langoni upana ni mita 7. Malori mawili hayaingii na pampu pia iwepo. Labda pampu ikae ndani, juu ya paa la besimenti, na malori yarudi nyuma kutoka barabarani, mikia ndani na vichwa karibu na barabara. Kwa upana huo yanaingia mawili kwa shida.

OperetaHopa

Kwa shida ndiyo kawaida yetu mkuu, usijali. Lakini pima vizuri. Lori la miksa ni karibu mita mbili na nusu kwa upana bila vioo. Mawili ni tano, vioo na njia ya mtu kupita katikati, saba zimeisha. Dereva asifungue mlango upande wa mwenzake. Na chuti zote mbili zifike hopani bila kuunganisha vipande vitatu vya kuongezea, maana chuti ikilala sana zege linakwama humo ukiwa bado hujafika hata kwenye pampu.

Weka mwongoza magari mmoja barabarani na mwingine ndani. Mmoja hawezi. Anayeangalia watembea kwa miguu hawezi wakati huohuo kuangalia tairi la nyuma linakanyaga wapi.

Na jambo moja ambalo wapangaji hulisahau: malori ya kusubiri. Huwezi kuyapanga mstari barabarani. Tafuta eneo la maegesho umbali wa dakika tano au kumi, weka mtu wako pale mwenye redio, awe anaachia lori moja moja kila unapomwita. Bila hivyo utakuta malori manne yamejipanga mbele ya lango la jirani, na jirani ameshapiga simu kwa wanaohusika na barabara.

DadaNondo

Kabla hamjafika mbali: paa la besimenti limesanifiwa kubeba nini? Lori la kyubiki 7 likiwa limejaa ni zaidi ya tani 25. Mawili, pampu, na mtikisiko wa pistoni juu yake. Kama msanifu aliweka mzigo wa magari madogo ya wakazi, hapo inabidi kuweka nguzo za chuma za kulishikilia kwa chini, zishuke mpaka besimenti ya pili na ziende kwenye msingi, zisiishie kwenye slabu ya kati. Na zibaki hapo miezi yote ya ujenzi. Mwenye ratiba ya kumalizia besimenti ataanza kulia mapema, kwa hiyo mwambieni leo.

Bomba125

Dada ameshika penyewe. Hilo liende kwa msanifu kwa maandishi, na jibu lake lirudi kwa maandishi.

Tuendelee na malori. Chukua 25 kwa saa kama shabaha ya chini: slabu ya 200 inakwisha kwa saa nane. Lori moja kila dakika 17. Mzunguko wa lori: kupakia dakika 10, kuja 35, kusubiri na kupimwa 10, kumwaga 15, kuosha chuti 5, kurudi 30. Jumla 105. Gawanya kwa 17, unapata sita na kitu, basi malori saba, na la nane la akiba. Lakini hizo 35 za kuja ni za saa ngapi? Saa mbili asubuhi huwa 60. Panga safari zijaribiwe siku ya kawaida, saa zilezile utakazomwaga. Ndiyo maana viwanja vya mjini vingi huanza kumwaga usiku au alfajiri, na kibali cha kelele kinakuwa sehemu ya mpango wa zege.

Kumbuka na umri wa zege. Maelezo mengi ya kazi yana kikomo cha dakika 90 tangu maji yakutane na saruji, mengine saa mbili. Ukitumia dawa ya kuchelewesha, kikomo kinaweza kusogezwa kwa makubaliano na mshauri, lakini makubaliano hayo yafanyike kabla, siyo lori likiwa limesimama langoni na dereva anakuna kichwa.

Kiwanja_Finyu

Ghorofa za mwanzo je? Kuna mtu anataka alete pampu ya lori yenye mkono wa mita 36, tuimalizie kazi kwa hiyo hadi ghorofa ya tano au ya sita, halafu ndiyo tufunge bomba la kupanda.

Bomba125

Inawezekana, na mara nyingi ni busara, kwa sababu bomba na mkono wa kusambazia (ule unaopeleka zege kila pembe ya slabu) juu vinataka jengo liwe limeshapanda kidogo. Tatizo ni miguu. Pampu ya aina hiyo ikifungua miguu yote inataka upana wa mita sita hadi nane, na mguu mmoja unaweza kukandamiza ardhi kwa tani 20 na zaidi. Maana yake unafunga njia moja ya barabara, na mguu mmoja utaangukia juu ya paa la besimenti au karibu na ukingo wa shimo. Kama ukingo hauna ukuta wa kuzuia udongo, kanuni ya haraka ni kwamba mguu ukae mbali na ukingo angalau sawa na kina cha shimo, na zaidi kama udongo ni legevu. Chini ya kila mguu bamba pana, siyo kipande cha mbao kilichookotwa.

Opereta akikwambia atafungua miguu ya upande mmoja tu kwa sababu nafasi ni ndogo, muulize kama kiwanda kilichotengeneza mashine hiyo kinaruhusu, na mkono utazuiwa vipi usivuke upande usio na miguu. Zipo mashine zenye mfumo huo. Nyingine hazina, na zimelala ubavu.

Nyaya za umeme pia. Angalia juu kabla ya kuangalia chini.

MzeeWaKreni

Haya, nimekubali slabu ni ya pampu. Nauliza: bomba lenyewe linapita wapi? Maana nimeona watu wamelifunga kwenye jukwaa la nje kama bomba la maji.

Bomba125

Mzee, hapo umeuliza swali la uzi mzima.

Bomba la kupanda lisifungwe kwenye jukwaa wala kwenye fomu. Kila pigo la pistoni linalipa bomba mshtuko, na zege pekee ndani ya bomba la milimita 125 lina uzito wa kilo 29 na ushee kwa mita. Mita 80 ni tani mbili na zaidi, bado chuma chenyewe. Lifungwe kwenye zege lililokomaa: ukuta wa shafti ya lifti, au lipite kwenye matundu ya slabu karibu na ngazi. Karibu na ngazi ni bora, kwa sababu siku likiziba utataka kufika kwenye kila kiungo kwa miguu, ukiwa na nyundo mkononi, bila kuning'inia shaftini.

Chini, pale linapogeuka kutoka mlalo kwenda wima, kona ikae kwenye jiwe la zege lililomwagwa maalumu na kufungwa kwa boliti. Hiyo kona ndiyo inayoteseka kuliko zote. Kyubiki 4,800 za slabu peke yake zitapita hapo kabla hujamaliza, ukiacha kolamu na kuta. Chuma hulika upande wa nje wa kona. Pima unene wake kwa kipimo cha sauti kila baada ya ghorofa chache, na uwe na kona ya akiba saiti. Mabomba mazito yakae karibu na pampu kwenye presha kubwa, mepesi yapande juu.

Halafu urefu wa mlalo. Kabla bomba halijapanda, weka kipande cha mlalo cha asilimia 10 hadi 15 ya urefu wa kupanda. Kwako ni mita 8 hadi 12. Kazi yake ni kusaidia kuzuia uzito wa zege la juu usirudi moja kwa moja pampuni kila pistoni inapobadilishana. Kiwanja ni kifupi, lakini bomba linaweza kuzunguka kuta za besimenti. Ukiweka 25 ni vizuri zaidi. Na hapo hapo kabla ya kona weka valvu ya kufunga. Bila valvu, pampu ikiharibika katikati ya kazi, hao tani mbili wanashuka kukutafuta.

Mpenda_Minara

Mita 80 mnahangaika hivi? Burj Khalifa walisukuma zege zaidi ya mita 600 kwa pampu moja tu ya chini, mwaka 2008. Nadhani mnatia chumvi.

Bomba125

Hawakuamka tu na kusukuma, ndugu yangu. Kabla ya kuanza kujenga walifanya majaribio ya kusukuma mchanganyiko kwenye bomba lililolazwa chini. Na wakati wa kiangazi zege lilimwagwa usiku, sehemu ya maji ikiwa ni barafu. Somo la kuchukua pale ni hilo la jaribio. Hata kwa mita 80, laza bomba uani kwa mwenye mtambo wa kuchanganyia, pitisha lori moja, soma presha. Itakwambia zaidi ya karatasi zangu zote hapa.

Nikiendelea na hesabu yako, Kiwanja_Finyu. Presha ina vipande vitatu. Kwanza uzito: zege ni kama kilo 2,400 kwa kyubiki, kwa mita 80 unapata takriban bari 19 (bari ni kipimo cha presha). Pili msuguano: mlalo 25, wima 80, mkono wa kusambazia 30, na kona kumi ambazo kila moja ya digrii 90 ihesabu kama mita 3 za bomba, jumla 165, weka 170 kwa ajili ya hozi. Kwa bari 0.15 kwa mita kama kianzio, ni bari 25 na nusu. Tatu, pampu yenyewe hula bari 20 hivi kuanza kusukuma. Jumla ni kama bari 65.

Sasa zidisha 65 kwa kyubiki 40 kwa saa, gawanya kwa 36: kilowati 72 kabla ya upotevu. Ukiweka upotevu unahitaji injini ya zaidi ya kilowati 100. Hapo ndipo unaposoma karatasi ya pampu. Ile 90 kwa saa na ile presha ya juu kabisa zimeandikwa karatasi moja lakini haziji pamoja. Uliza inatoa ngapi kwenye bari 65, kisha acha nafasi juu yake, maana siku zege likija zito presha itapanda. Pampu ya 60 yenye injini ya kutosha inaweza kuishinda ya 90 yenye injini ndogo. Wapelekee ofisini hiyo.

OperetaHopa

Naomba niseme kuhusu zege lenyewe, kwa sababu pampu hulaumiwa kwa makosa ya mtambo.

Kokoto ya milimita 20 inapita vizuri kwenye bomba la 125. Kanuni ni kokoto iliyopondwa isizidi theluthi ya kipenyo cha ndani. Shida inaletwa na mchanga. Mchanga ukikosa chembe laini au ukiwa na pengo kwenye saizi zake, maji yanachujika chini ya presha, kokoto zinabaki peke yake zinashikana, na hapo umeziba. Zege zuri la pampu lina uji wa kutosha kupaka ukuta wa bomba. Ukiliona hopani linang'aa na kuviringika pamoja, twende. Ukiona kokoto zinabaki nyuma na maji yanatangulia, rudisha lori, hata kama dereva ni mjomba wako.

Halafu maji. Lita 5 kwa kyubiki zinapandisha slampu kama milimita 25. Kwa lori la 7 ni lita 35 tu, dereva anafungua mpira kwa muda mfupi tayari amezimaliza, na nguvu ya zege imeshuka. Slampu iliyopotea njiani irudishwe kwa dawa ya kulainisha, kwa kipimo, na mtu wa maabara akiwepo. Pima hopani na pima pia mdomoni juu, maana zege likipita kwenye bomba refu kwenye joto linabadilika. Likitoka lori na slampu 180 likafika juu 140, unapaswa kulijua hilo tangu lori la pili, siyo la ishirini.

Kabla ya zege kupita, bomba lilainishwe kwa uji wa saruji. Uji huo utoke juu uingie kwenye ndoo, usimwagwe kwenye slabu. Nimeona kolamu ikivunjwa kwa sababu mtu alisema "si ni saruji tu".

DadaNondo

Asante kwa hiyo, opereta. Naongeza tatu.

Kolamu zenu zege la daraja gani na slabu daraja gani? Kwenye ghorofa refu kolamu za chini huwa na nguvu zaidi. Kwa mujibu wa ACI 318, kanuni za Marekani za majengo ya zege, kama nguvu ya zege la kolamu inazidi ya slabu mara 1.4, huwezi kupitisha zege la slabu kwenye makutano bila kufanya kitu. Njia mojawapo ni kumwaga zege la kolamu kwenye makutano na kuvuka uso wa kolamu kwa milimita 600, kisha slabu ifuate kabla lile halijaganda. Hapo, Mzee, ndoo yako ndiyo inaingia. Zege kali kidogo kidogo kwa kreni, pampu inafuata nyuma na zege la slabu. Kupitisha daraja mbili kwenye bomba moja kwa kubadilishana ni kujitafutia kesi.

Pili, kuta za shafti. Pampu inajaza haraka. Zege laini likipanda mita 4 kwenye fomu kabla ya chini kuanza kukaza, presha chini inakaribia tani 10 kwa mita ya mraba. Fomu inapasuka. Andikeni kasi ya kupanda kwa saa kwenye mpango, na opereta apewe namba hiyo, asiachiwe aamue kwa jicho.

Tatu, matundu ya mkono wa kusambazia. Mlingoti wake unashikwa kwa kabari kwenye slabu kadhaa za juu, na slabu hizo bado changa. Nataka nione mzigo wa kila kabari kabla sijakata nondo hata moja.

Kiwanja_Finyu

Dada, kolamu hadi ghorofa ya kumi ni 50, slabu 35. Nikigawanya ni 1.43. Kumbe tumo.

Na mkono wa kusambazia tunauhitaji kweli? Kuna aliyependekeza tulaze bomba juu ya slabu na watu wavute hozi.

Bomba125

Bomba la kulaza linawezekana: unaanza kumwaga kona ya mbali, unarudi nyuma ukitoa kipande kimoja kimoja. Lakini kila kipande kinachotolewa ni dakika za kusimama, na bomba likae juu ya vigoda, lisilale kwenye nondo za juu, vinginevyo linazikandamiza na dada hapo atakukataza kuendelea. Kwa kyubiki 200 za siku moja, mara 24, mimi ningechukua mkono. Wa mita 28 au 30 ukikaa karibu na katikati unafika pembe zote za slabu yako. Shida ni kwamba katikati yako kuna kreni. Mlingoti wa kreni ni ukuta kwa mkono. Chora mduara wa kila kimoja kwenye karatasi moja, uone mkono unakosa kufika wapi nyuma ya mlingoti, na mweke sheria ya nani anasimama mwenzake akipita. Redio iwe chaneli moja, mtu mmoja anaongea.

MzeeWaKreni

Na siku ya kupandisha mkono ghorofa ya juu kreni inashughulika nusu siku. Liandikwe kwenye ratiba. Kila mtu huisahau nusu siku hiyo halafu anaanza kunipigia simu.

OperetaHopa

Sasa kuziba. Kutaziba tu, swali ni lini. Dalili ni presha inayopanda pigo hadi pigo na bomba kuanza kuruka. Opereta mgeni huongeza presha. Usiongeze. Rudisha nyuma mapigo mawili au matatu, zege lilegee, sukuma taratibu. Likikataa mara mbili, simama. Tembea na bomba ukiweka kiganja: pale mtikisiko unapokatika, kizuizi kipo karibu. Mara nyingi ni kwenye kona au kwenye kiungo ambacho gaskiti yake ilikuwa inavuja uji. Hakikisha presha imerudi sifuri kabla ya kugusa klampu. Nasema tena: sifuri. Klampu yenye presha ikifunguliwa inatoka kama risasi.

Na hozi ya mwisho. Wakati wa kuanza, na wakati wa kurejea baada ya kuziba, hakuna mtu karibu nayo. Hewa ikiwa imenaswa ndani, hozi inapiga mjeledi. Niliwahi kuona jamaa mwenye mwili wa kutosha akisukumwa hadi kwenye nondo za kolamu kwa sababu alikuwa ameikumbatia "aielekeze". Aliumia mbavu, na alikuwa na bahati, maana pembeni yake mita moja slabu ilikuwa imeisha.

Klampu zote ziwe na pini. Za akiba na gaskiti ziwepo juu na chini, siyo stoo.

Kiwanja_Finyu

Kuosha je? Hakuna mahali pa kumwagia chochote.

Bomba125

Bomba lako lote lina mita 135 za ndani. Kwa kipenyo cha 125, ni kyubiki 1.66. Hiyo isiwe takataka. Njia ya kwanza ni kusukuma sponji kwa maji kutoka chini, zege litoke juu liingie kwenye slabu, kwa hiyo unaacha kuagiza hiyo kyubiki moja na nusu kwenye lori la mwisho. Simama kabla maji hayajafika. Njia ya pili ni kuingiza sponji juu, kufungua valvu kidogo kidogo na kuliacha zege lishuke kwa uzito wake liingie kwenye lori tupu linalosubiri. Kwa kiwanja kama chako napenda ya pili, maana takataka zote zinaondoka na lori. Hewa ya kompresa mimi siigusi kwenye bomba la wima.

Maji ya kuoshea yana alkali kali, pH yake inavuka 12. Yasiende kwenye mtaro wa barabara. Tengeneza pipa kubwa la chuma lenye kitambaa cha plastiki ndani, yatulie, tope ligande, kreni iliondoe kesho yake.

Kiwanja_Finyu

Nimeandika rasimu, nisahihisheni. Lori la kwanza la uji linafika saa 9 usiku. Zege linaanza saa 9 na nusu. Kolamu za makutano kwa ndoo zinatangulia slabu kwa mstari mmoja wa kolamu. Malori nane, maegesho ya kusubiri dakika nane kutoka langoni. Kyubiki 200 zinakwisha saa 5 na nusu asubuhi, kuosha hadi saa 6 na nusu. Pampu ya 60 yenye injini inayotosha kwa bari 65 na zaidi. Ya pili ya akiba haina pa kukaa, kwa hiyo mwenye pampu ameahidi ataileta ndani ya saa mbili ikiharibika.

OperetaHopa

Saa mbili ni nyingi kwa zege lililoko kwenye bomba la wima kwenye joto. Hiyo ya akiba itakaa ilipo, lakini iwe imewashwa na opereta wake yuko macho, na njia ya kuitoa ile mbovu langoni iwe imepangwa. Gari la kuivuta lipo?

Kiwanja_Finyu

Halipo. Naandika sasa hivi.

DadaNondo

Na andika kiungo cha dharura. Pampu ikifa saa 8 alfajiri... samahani, saa 11 alfajiri, slabu inakatwa wapi? Nipe mistari miwili au mitatu kwenye mchoro, kwenye theluthi ya katikati ya urefu kati ya nguzo, ambapo nguvu ya kukata ni ndogo. Mbao za kuzuia zege ziwe zimeshachongwa na zimepandishwa juu kabla lori la kwanza halijafika. Nitumie mchoro kesho nikupe jibu.

MzeeWaKreni

Mimi nataka kujua chai ya saa 9 usiku inapandishwa na nani, maana kreni itakuwa na ndoo.